Sitara

Kazi yangu ni kufunika.
Miaka thelathini na mmoja naosha wanawake wa mji huu,
Guraya, Kuze, Bondeni, hata ng'ambo Kisauni
wakiniita usiku na daraja limejaa malori.
Nakunja mikono, nafikicha majani ya mkunazi majini,
na shuka haitoki juu ya mwili hata mara moja:
mkono hupita chini yake kama wa mtu atafutaye sindano gizani.
Nilionalo hubaki vidoleni.
Vidole navyo huoshwa.

Simu kaniletea mwanangu kutoka Jeddah, ili nipatikane.
Mjukuu wangu Rayyan ndiye aliyeiwasha.
Ikauliza: niruhusu nijue ulipo?
Ikauliza: niruhusu nisome majina ya unaowapigia?
Ikauliza habari ya picha, na ya kipaza sauti.
Nikasema, mgeni gani huyu,
hajavua viatu ashataka kuona jikoni?
Rayyan akacheka. "Bibi, usipokubali haifunguki."
Kidole chake, jina langu:
Kubali. Kubali. Kubali. Kubali.

Alhamisi akafa Thureya binti Athmani wa Guraya,
mke ambaye mji mzima ulijua hakujaaliwa mtoto.
Mkoba niliutundika msumarini nyuma ya mlango,
simu ndani, sauti imezimwa kwa heshima.
Saa mbili na nusu.
Chini ya shuka mkono ukapita penye kitovu, ukashuka,
ukakuta mshono wa zamani, umelala kama pindo la mto.
Sikusita.
Aliyenimiminia maji hakujua kitu.
Karafuu maiti, pamba, sanda. Nikafunga fundo la miguuni
na neno lile nikalifunga humo.

Magharibi, sijainuka kwenye msala,
kioo kikawaka chenyewe:
Watu ambao huenda unawafahamu.
Wa kwanza Thureya. Anacheka, wanja umekoza,
harusi ya nani sijui.
Wa pili dada yake, Shamsa.
Wa tatu msichana wa Malindi, miaka ishirini hivi,
sijapata kumwona,
ana mwanya ule ule
na kidevu kile kile nilichokifunga kitambaa asubuhi.

Nikabonyeza Ondoa.
Ikaniuliza, kwa adabu zote: kwa nini? Tusaidie tuelewe.

Yule wa msumarini hakuona mwili. Hakugusa maji.
Alihesabu tu: nani alikaa karibu na nani, kwa muda gani,
namba ya nani imo kwa nani,
akajumlisha,
jibu akalianika barazani.
Mimi sikusema. Mimi nilimwingiza ndani.

Siku ya hitima Shamsa akanifuata jikoni.
"Bi Mwanamize. Kuna msichana, simu yaniambia twajuana naye.
Wewe ndiwe uliyemwosha dada yangu."
Hakumalizia. Sufuria ilikuwa yatokota.
Nikamwambia, maji yalikuwa vuguvugu,
alikuwa mwepesi, uso wake ulikuwa na nuru.
Yote kweli.
Akanitazama kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu.

Sasa nikiitwa, simu naiacha kwa Badi wa viazi karai, pale pembeni,
huiweka kando ya unga wa dengu,
nayo iandike ipendavyo:
leo Bi Mwanamize kashinda kwenye viazi.
Rayyan asema haisaidii.
Simu za wafiwa zatosha, asema; wakikukosa kwako, watakupata kwao.
Huenda.

Mwosha huoshwa, hilo nalijua tangu siku ya kwanza.
Nimeshamchagua wa kuniosha, mkono wake hauna pupa.
Nimemwonyesha shuka ilipo. Nimemwonyesha na mlango,
pale nje, mkoba wake uishie hapo.
Ila ile Kubali ya kidole cha mtoto, mara nne,
jana nimeisugua kwa pindo la leso, nikasugua.
Kioo kinazidi kung'aa tu.