Kabla Hamjapanda

Ramani yenu nzuri. Ikunjeni.
Hapa Puna, mita elfu nne juu ya bahari
ambayo mimi sijaiona,
upepo huisoma karatasi kabla ya mwenyewe
na hairudishi.

Mimi Eduviges. Hawa nyumbu ni wangu,
mama zao farasi, baba zao punda, akili zao wenyewe.
Yule mwenye sikio nusu anaitwa Karani,
kwa sababu husimama kila anapotakiwa kufanya kazi.
Msimpige. Akigoma, kuna anachokiona.

Tutaanza na uwanja wa mawe meupe.
Mtadhani ni theluji, halafu mtadhani ni mawimbi
yaliyoambiwa simama yakasimama;
kila mgeni hunieleza hivyo,
nami huitikia kama nasikia mara ya kwanza.
Ni makohozi ya volkano, basi.
Mlima ulikohoa siku moja
na hapakuwa na mtu wa kuupigapiga mgongo.

Okota moja. Hapana, lile,
la ukubwa wa kichwa cha ndama.
Umeona? Jepesi kama mkate wa juzi.
Kaka yangu Nicasio alilibeba begani jiwe kama hilo
akipepesuka, akihema, akiwaomba watalii wampokee,
kisha akalirusha juu kwa mkono mmoja.
Walicheka. Hata mimi, mara ya mia, nilicheka.

Polepole.
Polepole kuliko hivyo.
Hewa ya huku ni ya mgao,
kila pafu na kibaba chake.
Kichwa kikigonga, tafuna majani haya ya koka, usiyameze,
yaweke shavuni kama neno
ambalo hujajua umwambie nani.
Anayekimbia hapa saa nane hutapika,
saa kumi humlilia mama yake.
Nimewateremsha mabingwa wa mbio
wamelazwa juu ya tandiko kama magunia ya chumvi.

Tutakuta rundo la mawe. Kila apitaye huongeza lake.
Mimi huongeza na tone la pombe, na sigara iliyowashwa,
maana ardhi nayo ina kinywa.
Kama huamini, weka jiwe hata hivyo.
Hukulinunua.

Kisha zaha nyeusi, saa tatu nzima,
inayotafuna viatu vya bei kama biskuti.
Vikunya watatuchungulia kutoka mbali
kama majirani nyuma ya pazia.
Na juu kabisa, ndani ya kasoko, ziwa
lenye rangi nisiyoijua jina.
Mtapiga picha. Mimi nitabaki chini na nyumbu.

Kila safari yupo mmoja wa kuniuliza kwa nini.
Ni wewe, nadhani, mwenye kofia nyekundu.

Ilikuwa Agosti. Upepo mweupe ulishuka,
ule unaofuta mkono wako mwenyewe mbele ya uso wako.
Nicasio alikuwa juu na Wajerumani wawili.
Aliwafunga kamba, akawafikisha kwenye rundo,
akarudi kumfuata nyumbu.
Wajerumani huniletea kadi kila Krismasi.
Nyumbu alifika siku ya tatu peke yake,
tandiko limening'inia tumboni,
sikio moja limeliwa na baridi.

Kwa hiyo, katikati ya mawe meupe,
mahali pasipo na alama yoyote, Karani atasimama.
Hapana kitu hapo. Nimechimba.
Nimechimba mara mbili.
Tutamsubiri, dakika tano, pengine kumi,
na tafadhali msiongee.
Atakoroma, atatikisa shingo, atakwenda.

Hilo jiwe bado unalo? Lipeleke.
Ukifika ziwani litupe majini; halitazama,
haya hayazami.
Litazame vizuri, ukishuka uniambie
lilielekea upande gani.

Haya, kofia. Mafuta usoni, na masikioni pia.
Nani kabeba chai?
Karani, twende.
Karani.