Wimbo wa Mbuzi

Mwalimu Mkamburi alituanzia na mbuzi.
Tanzia, akasema, kwa Wayunani ni wimbo wa mbuzi,
na darasa zima la Tudor likacheka,
kwani mbuzi wa Majengo tulimjua:
hula matangazo ya kampeni pamoja na gundi,
haimbi.

Hubris: ujuba wa kutaka kimo cha miungu.
Hamartia: nikaandika "dhambi".
Akaikata kwa wino mwekundu.
"Si dhambi. Ni mshale uliokosa.
Mpigaji alilenga."
Alama mbili zikaenda. Niliona kaninyima.

Miaka kumi na mmoja.
Badi Mselem akapandisha nyumba Mtopanga,
ghorofa ya tatu, ya nne, ya tano,
kila mwana apate mlango wake, asihame mtu.
Hiyo ndiyo iliyokuwa shabaha.
Nondo za milimita kumi na sita zilikuwa ghali;
akatia sahihi za kumi.

    Twalinena tukanena, ufa waanza tambaa,
    ukasema wagombana, wanawake wa mtaa,
    nguzo yapiga mguna, nawe waongeza paa;
    kazi yetu ni kuona, twaitika twashangaa.

Usiku mmoja wa Shaabani nyumba ikaketi chini.
Hatukuona. Kwenye tanzia kifo hakionyeshwi,
huja mjumbe. Wetu alikuja na kiatu kimoja,
vumbi la saruji usoni kama barakoa,
akautaja mlango wa Lali,
akanyamaza,
akautaja tena.

Badi akaapa mbele ya msikiti:
aliyeiba chuma cha mwanangu nitamtoa
hata akiwa tumboni mwa mamake.
Siku tisa. Fundi, dereva,
kisha karani wa duka la vyuma, Shimanzi,
aliyefungua faili akaigeuza, imtazame.
Sahihi yenye mkia mrefu, ile aliyojivunia.
Anagnorisis, neno lililonishinda kutamka,
lilikuwa hilo tu: mtu na karatasi,
feni ikizunguka.

Skene maana yake hema.
Letu lilikuwa turubai la bluu, la kukodi,
limeandikwa namba ya simu ya mwenyewe.
Mashine ya kumshusha mungu haikuwapo;
kreni ya kaunti ilikuwa njiani, walisema.

Katharsis nilipata alama zote:
kusafishwa kwa huruma na hofu.
Bi. Esha akanipa sufuria ya pilau.
Nikasugua, masizi yakanipanda hadi viwikoni.
Nje mbuzi alikuwa akilamba ukuta.