Goti la Nambozo

Nambozo hununua kahawa Sironko, kibanda cha bati.
Mizani inaning'inia, gunia linaning'inia,
na kwa miaka tisa goti lake lilijua kazi:
kuinua gunia kidogo tu, kilo mbili zipotee,
mkulima akitazama Mlima Masaba.

Hakuna aliyelifundisha. Lilizoea
kama ulimi unavyozoea pengo la jino.

Siku alipoamua kuacha, goti halikuamua.
Jumatatu liliinuka. Jumanne alisimama mbali,
mguu umekakamaa kama wa kuazima.
Alhamisi akazidisha: akamwandikia Wamimbi
kilo ambazo hazikuwamo.
Huo nao si uadilifu,
ni goti lile lile, limegeukia upande wa pili.

Wayunani wa kale, nasikia, waliulizana
furaha ni nini, wakajibu: ni kazi, hutendwa.
Hawakuwa na kahawa, maskini,
lakini naona walijua magoti.

Misimu miwili ya mavuno.
Leo mshale ulitetema, ukatulia,
Nambozo akaandika arobaini na moja,
akamenya chungwa.
Hakukumbuka kwamba ana goti
mpaka jioni, kwenye ngazi,
lilipomuuma.