Kiti cha Nyuma

Niliinunua Barnsley, kwa mjane,
Jumamosi ya mvua isiyo na haraka.
Maureen Ackroyd, slipa miguuni, akafungua mlango wa gereji,
akasema, "Ndiyo hiyo,"
kama anayenionyesha mbwa mzee asiyeuma tena.
Silinda nne. Maili elfu thelathini na moja,
zote za Clifford.

Clifford alikuwa mrefu.
Sikuambiwa na mtu; pikipiki yenyewe ilisema.
Usukani ulikuwa mbali kama deni la mwaka juzi,
na penye taa nyekundu za Hoyland
vidole vya miguu yangu viliiomba ardhi, ardhi ikaringa.
Nilifika Sheffield viganja vimekufa ganzi, kiuno kinalia,
nikajicheka: nguo ya kuazima haisitiri makalio,
na hii nimeilipia.

Basi nikaanza kumpunguza Clifford.

Dariusz wa Attercliffe, mwenye mashine ya kukerezea,
alinichongea vipande viwili vya alumini,
tukaishusha inchi moja na nusu.
Usukani tukauinua, tukauvuta kifuani;
mpira wa breki ukawa mfupi, nikaagiza mwingine,
nikangoja wiki tatu, na kila zamu
wauguzi wenzangu wakiniuliza, "Mgonjwa wako ameruhusiwa?"

Kioo kirefu, kwa ajili ya Woodhead mwezi wa Novemba,
ambako upepo hauna adabu wala ratiba.
Vishikio vya kupasha moto.
Dariusz akasema hiyo anasa.
Nikamwambia: mikono hii hutafuta mishipa ya watu
saa tisa za usiku; hiyo ni dawa.
Na lile bomba la moshi, lenye kelele za mnada,
nikalitoa, nikarudisha la kiwandani,
maana narudi alfajiri, na Firth Park imelala.

Kila bolti niliyofungua ilikazwa na mkono wake.
Nyingine zilikataa.
Nikazitia mafuta, nikazibembeleza,
nikazitukana kidogo, kwa Kiswahili,
zikalegea.

Chini ya kiti, ndani ya mfuko wa plastiki,
nilikuta daftari dogo:
oili, tarehe, maili. Oili, tarehe, maili.
Mnyororo. Pedi za mbele.
Na ukurasa wa mwisho, kwa penseli:
*M. asema kiti cha nyuma kigumu. Nikiangalie.*
Baada ya hapo, kurasa tupu.

Hicho kiti kilikuwa zamu yake kung'oka.
Nilishapima matundu ya sanduku
la sare, viatu vya kazi, na bakuli la wali.
Mimi sina abiria.

Nikarudi Barnsley Jumapili ya Mei, kuionyesha,
kwa kuwa kitu cha mtu hukifichi mwenyewe.
Nilimkuta dirishani akitazama barabara,
anasubiri kelele; nilishafika.
Akatoka, akaizunguka taratibu
kama fundi anayekagua mshono wa mwenzake.
Akagusa usukani. Akagusa kioo.
"Umeibadili yote," akasema, bila hasira,
na hapo ningependa kama angekasirika.
Kisha akafika nyuma, akabonyeza kwa kidole gumba.
"Hapa bado."

Akaingia ndani. Nilisimama na funguo mkononi
kama mtu aliyekuja kudai.
Aliporudi alikuwa na helmeti yenye kioo cha manjano,
na koti la ngozi lililokataa kufunga zipu.
"Usiende kama yeye," akasema,
akashika bega langu, akapanda,
mguu ukijua mahali pake kuliko mimi.

Springi ikazama. Tuliipimia mtu mmoja.

"Kigumu vilevile," akasema mgongoni mwangu.

Nikashuka. Nikatoa spana,
nikapiga magoti kwenye kokoto zake,
nikaikaza mizunguko minne,
yeye akiwa amekaa hukohuko juu,
mikono mapajani,
akitazama barabara.