Zamu Yangu ya Kuuliza

Likizo ya mwezi wa sita tuliitwa kwa majina,
vijana ishirini na wanne wa Gungu, Katubuka na Mwanga,
tukaambiwa kwa wiki tatu tutafundwa uongozi
pamoja na polisi, meza moja, sufuria moja.
Mama akauliza, "Na wiki ya nne mtakuwa nani?"
Sikuwa na jibu. Nilipokea fulana yao ya bluu,
ikanibana makwapani.

Askari nao walikuja bila sare.
Ndipo nilipojua polisi ana visigino vilivyopasuka,
ana kandambili zilizoshonwa kwa waya,
na chai ya moto humtoa kamasi kama mtu.

Wangu alikuwa Koplo Kapinga, mzaliwa wa Mbinga.
Siku nne hatukusemezana ila "sogeza chumvi".
Nilikuwa nahesabu vidole vyake.
Nilitaka kujua ni vipi vilivyokunja kola ya Bukuru
usiku ule karibu na stesheni,
walipomwambia jina lake ni la ng'ambo,
kana kwamba mapacha huzaliwa Burundi tu
na huku kwetu Uha tunazaa mmoja mmoja, kwa kibali.

Siku ya tano akanitazama, kijiko hewani.
"Wewe nimewahi kukuona."
"Hukuniona mimi," nikasema. "Mimi ni Butoyi.
Uliyemwona alinitangulia kwa robo saa."
Kijiko kikarudi sahanini. Migebuka ikapoa.

Kisha Bi Tausi, mkufunzi, akatupanga uwanjani:
leo kijana atakuwa askari, askari atakuwa kijana.
Watu wakapiga makofi. Nikavishwa kofia.

"Simama hapo hapo!"
Sauti ilitoka bila kukwama,
kama ilikuwa imelala kooni mwangu miaka yote
ikingoja kofia.
"Kitambulisho. Unatoka wapi? Baba yako nani?
Babu yako je? Kazikwa wapi?"
Wenzangu walicheka, halafu wakaacha.
Alipopeleka mkono mfukoni nikafoka, "Mikono juu!"
kabla sijafikiri,
na utamu, niseme kweli, utamu ulinipanda hadi masikioni
kama asali ya porini, ile inayolevya.

Koplo Kapinga alisimama mikono juu,
jasho likichora ramani mgongoni.
"Babu yangu alivuka Ruvuma na mbuzi wawili," akasema.
"Alikozikwa sikujui, afande."

Afande. Aliniita mimi.
Nilivua kofia. Ilikuwa imeacha mstari kwenye paji,
nikausugua hadi usiku.

Nyumbani Bukuru alikuwa akitia upepo baiskeli.
Nikamsimulia yote, hata ule utamu.
Akapampu, akapampu, tairi likawa gumu kama jiwe.
"Kwa hiyo mmekuwa marafiki," akasema.
Sikusema ndiyo. Sikusema hapana.
Tangu usiku ule hajapita tena njia ya stesheni;
huzungukia sokoni, na huliita jambo hilo mazoezi.

Agosti, saa tatu usiku, tunatoka Mwandiga,
yeye kwenye usukani, mimi kwenye keria,
difenda ikatokea nyuma, ikapunguza mwendo.
Mwanga wa taa ulitumwagikia, nyuso mbili, uso mmoja.
Juu, kati ya bunduki na makoti, nikamwona Kapinga.
Hakupunga. Hakutabasamu.
Aligonga bodi mara mbili, pa, pa,
gari likatupita.

Bukuru hakupumua hadi vumbi liliposhuka.
Mpaka leo sijui alimgongea nani,
mimi aliyekula nami, au yule asiyemwomba radhi.

Lakini mbele kidogo, pale kwenye mchikichi uliokatwa,
taa nyekundu za nyuma zikawaka, zikasimama.
Palikuwa na kijana mwingine, na ndoo ya mawese.
Nikasikia swali la kwanza.
La pili nililijua kabla halijaulizwa.

Nikashuka kwenye keria.
"Unakwenda wapi?" Bukuru akaninong'oneza.
Nilikuwa nimevaa ile fulana. Bado inabana.