Ritifaa

Fomu inataka jumla kabla ya saa kumi, Ijumaa.
Dundee kumeshaingia giza, saa tisa na nusu tu ya alasiri,
na shakwe wamejipanga juu ya paa la maabara
kama wajumbe wa kamati.
Makala ngapi? Zimetajwa mara ngapi?
Naandika jina la baba yangu kwenye hifadhi ya data,
nayo inanirudishia wanawake watatu.

Wa kwanza ni Ngwandu, hana ritifaa,
ametajwa mara elfu mbili mia tatu na kumi na moja.
Nyingi ya hizo ni kwa ajili ya chumvi:
jinsi ya kuosha protini isigande kwenye mrija,
kurasa mbili nilizoandika nikiwa na mafua,
watu huzitaja kama wanavyotaja hali ya hewa
bila kutazama nje.

Wa pili ni Gwandu.
Herufi yake ya kwanza ilipotea njiani
kama sanduku lililobaki Heathrow.
Makala saba, zote za hamira,
zote pamoja na Profesa Rennie,
ambaye jina lake hukaa mwisho, mahali pa mwenye nyumba,
na hakuna mashine iliyowahi kulikata.

Wa tatu ni Wandu, N. G.
Huyu simjui. Ana makala moja.
Imetajwa mara nne
kwa miaka kumi na mmoja.

Ya kwanza nilijitaja mwenyewe; njaa haina haya.
Ya pili ni bwana mmoja wa Toronto, anasema nimekosea
(na kweli, mchoro wa tatu, nilikosea).
Ya tatu wamekosea wao,
walikuwa wakiitafuta makala ya ukurasa unaofuata.
Ya nne

Friza inanguruma ukutani, nyuzi themanini chini ya sifuri.
Dougal anapita na ndoo ya barafu,
anauliza kama nitazima taa mimi.
Nitazima, namwambia.

Ya nne ni tasnifu ya mwanafunzi wa Saskatoon,
sura ya pili, kurasa kumi na tisa.
Amelirudia jaribio langu hatua kwa hatua,
mikesha yote ile, hadi usiku nilipouona uzi wa RNA
ukijikunja, ukakataa kusomwa,
saa tano na robo, treni ya mwisho ikivuka daraja la Tay,
na mimi Kabula, mzaliwa wa mvua,
nikicheka peke yangu na mvua yao.
Ameandika: Nasi pia tuliuona ukijikunja.
Basi. Hakusifu.
Alitazama palepale nilipotazama.

Kizuri chajiuza, walisema wahenga.
Wahenga hawakuijaza fomu hii.

Kuna kitufe cha kuunganisha.
Ukikibonyeza, watatu wanakuwa mmoja,
kipimo kinapanda kutoka kumi na sita hadi kumi na tisa,
mshahara unasogea ngazi moja,
ada ya mdogo wangu inalipika.
Nitabonyeza. Mimi si mtakatifu.

Ila kwanza nataka jina langu lote.
Ng, halafu ritifaa,
halafu ile pumzi ya puani ambayo ghorofa hii nzima
anaiweza Dougal peke yake,
kwa mazoezi ya wiki mbili kwenye chumba cha baridi.
Herufi hairuhusiwi.
Narudia. Hairuhusiwi.
Mashine imekataa ng'o,
na hata huo ukataaji wake haiwezi kuuandika.

Nabonyeza. Naprinti nakala yangu.
Kwa kalamu ya kuandikia mirija,
ile isiyofutika hata kwenye barafu,
natia alama juu ya jina, nyembamba, imeinama kidogo.

Imebaki dakika sita.
Badala ya kuituma fomu, namwandikia yule wa Saskatoon:
Mchoro wa tatu nilikosea.
Wewe ulipata ngapi?