Ninalo Jambo

Lugha yetu ilinifunza kukana kabla sijajibu.
Hujambo? Sijambo. Za kazini? Nzuri.
Za nyumbani? Nzuri.
Hata mwenye maiti ndani huanza na nzuri,
kisha akakohoa, akasema: ila mama hatunaye.

Basi nikawa mzuri mwaka mzima, Northampton.
Mzuri ghalani, zamu ya usiku,
nikibandika anwani kwenye maboksi ya viatu vya watu
na vyangu sijavivua kwa siku ya tatu.
Mzuri ndani ya gari, injini imezimwa,
mvua ikihesabu paa, mimi nikihesabu
sababu za kupanda ngazi niingie kwangu.
Usiku mmoja nilizikosa. Nikalala humo humo.

Zuwena akawaambia watu ni mafua.
Wiki ya sita mafua yakaanza kunong'onwa:
ana shetani, kamfuata toka Micheweni
bila viza.
Mwingine: hapana, wazungu wamemzoesha vidonge.
Barua ya daktari ilikaa chini ya mfuko wa unga,
na ndani yake neno ambalo mkalimani, kwenye simu,
alilitafuta kitambo mpaka akalipata: sonona.
Nililijua. Nilidhani ni la mashairi tu,
la wapenzi walioachwa. Sikujua lina dozi,
kimoja asubuhi, baada ya kula.

Jumapili ya mchango, ukumbi wa shule,
viti vya watoto, magoti yetu masikioni,
Mbarouk akanipa mkono: Hujambo, Khatibu?
Kinywa kikafunguka kama kawaida,
kikaikosa ile si.
Ninalo, nikasema.
Unalo nini?
Jambo. Ninalo jambo, Mbarouk.

Mtu akacheka, akidhani ni mzaha.
Mwingine akasogeza kiti, kidogo tu,
kama vile huzuni ni upele.
Birika likapita, nami nikasema yote:
gari, mvua, barua.
Nilisema vibaya. Nilirukaruka,
nikalia mahali pasipostahili kilio,
kwenye habari ya viatu.
Mbarouk akasema tumwombe Mungu. Tukamwomba.
Akasema basi, yamekwisha.
Nikasema bado. Jumanne nina miadi.

Hakuna aliyenikumbatia. Mchango ukahesabiwa,
ukapungua pauni kumi, likazuka zogo.
Nje, kwenye maegesho, Seifu,
yule mwenye mdomo, anayemwita kila mtu chizi,
akanifuata na mifuko ya taka mikono yote miwili.
Hakuitua. Akauliza, akiitazama lami:
Hiyo Jumanne yako...
wanapokea watu wangapi?

Siku hizi hunipigia alfajiri,
mimi natoka zamu, yeye anaingia.
Hatusalimiani tena kwa kukana.
Lako leo lina ukubwa gani?
Punje ya mtama. Na lako?
Kimya. Nasikia taa ya kukatia kona
ikigongagonga ndani ya gari lake.
Lori, ananiambia. Lori na tela lake.
Usikate simu, namwambia.
Egesha kwanza.